Siku Moja Kisiwani: Mwongozo kwa Mtu wa Iyula

Mwongozo huu ni wa mtu wa Iyula, au wa Mlowo, Vwawa na Igamba, ambaye ameuza kahawa, amelipa ada, amemaliza deni la mbolea, na bado mfukoni kumebaki kitu kinachomwasha. Mtu huyo ameona picha kwenye simu: mchanga mweupe, mnazi ulioinama kama unatafuta kitu ulichodondosha, maji ya buluu kama mrututu uliokorogwa kwenye pipa. Chini ya picha pameandikwa "safari ya siku moja kisiwani". Akajiambia: siku moja si kitu, hata ng'ombe hawatajua kama sipo.

Siku moja ni kweli. Ila ni siku moja ya mtu anayeamka Shangani, hapohapo Zanzibar, akanywa chai, akavaa kandambili na kushuka pwani. Wewe unaamka Iyula. Kati yako na chumvi kuna karibu kilometa 900, na ukishatoka Songwe utapita Mbeya, Njombe, Iringa, Morogoro na Pwani kabla hujaiona Dar es Salaam. Siku yako moja itakuwa ya katikati, kama nyama ya sambusa, na unga wa pande zote mbili ni basi.

Watatokea wa kukuuliza kwa nini usiende Matema. Ziwa Nyasa liko hapo Kyela, mchanga upo, mawimbi yapo, samaki wapo, na unafika kabla jua halijazama. Usibishane nao. Wana haki, na ndiyo maana hawafai kusafiri nao.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kuaga. Lakini utafanyaje? Kwetu ukionekana na begi alfajiri bila kuaga, ikifika saa nne asubuhi umeshatoroka na hela za AMCOS au umemfuata mwanamke Tunduma. Kwa hiyo unaaga, na kila unayemuaga ana chake. Jirani anataka kanzu. Fundi baiskeli anataka karafuu za jino. Mimi nilikwenda kumuaga shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Nasikia unakwenda baharini."

"Kisiwani, shangazi. Siku moja tu."

"Hicho kisiwa kiko wapi?"

"Katikati ya bahari."

"Basi ni yaleyale." Akaingia ndani, akatoka na dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kupikia, limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa. "Nijazie maji ya bahari."

Shangazi si mtu wa ushirikina. Ni mwanakwaya, na maji aliyataka kwa ajili ya upele wa mjukuu, basi. Ila kabla sijaipita migomba yake, upele ulikuwa umeongezeka: kidogo angenawia miguu inayomsumbua usiku, kidogo angenyunyiza kwenye banda la kuku ambalo mwaka huu halina bahati, na kikombe kimoja alikuwa ameshamwahidi mke wa mzee mmoja wa kanisa, ambaye naye hakutaka ijulikane. Nilimdokezea kwamba Ziwa Nyasa ni karibu zaidi.

"Ziwa halina chumvi," akasema. "Na mimi nitaonja."

Sasa mavazi. Saa kumi na moja alfajiri pale Mlowo, mwezi wa Julai, huwezi kusubiri basi bila jaketi zito. Vaa. Ubaya wa jaketi ni kwamba halirudi nyumbani peke yake. Litakaa nawe Makambako, ambako bado utalishukuru, na Iringa, ambako utaanza kulifungua zipu. Kisha basi litaanza kushuka Kitonga, kona baada ya kona, malori yanayopanda yakiguna upande wa pili, masikio yakiziba, na joto likipanda kutoka sakafuni kama mtu kaweka jiko chini ya kiti. Mkifika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, watu wote wa nyanda za juu wameshavua, na basi zima limejaa majaketi yaliyokunjwa mapajani kama watoto waliolala. Kuanzia hapo unalibeba. Mimi langu lilifika Zanzibar, likapanda chombo, likatembea kisiwani na kurudi. Ndilo jaketi lililosafiri kuliko watu wengi wa ukoo wetu.

Kuhusu njia nyingine nitasema machache. Ipo ndege, inaruka kutoka Uwanja wa Songwe, ambao kwa sababu zake uko Mkoa wa Mbeya. Ukisikia nauli yake, miche ya kahawa itakujia usoni mmoja mmoja. Ipo TAZARA, kilometa 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina pamoja na vijana wetu kati ya 1970 na 1975, na inapita Tunduma. Ni safari nzuri kuliko zote. Lakini treni ni ya mtu anayesafiri. Wewe unawahi siku moja.

Mikumi usilale. Barabara inakatiza hifadhini kwa kilometa kama 50, na kuna vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, kwa dola. Abiria wa kiti cha pembeni yangu alivisoma vyote kwa sauti, kuanzia twiga kushuka chini, akanyamaza kidogo, kisha akasema binadamu hajamwona kwenye orodha.

Utashuka Mbezi, Kituo cha Magufuli, usiku, miguu imevimba. Tafuta gesti jirani, usitafute raha. Alfajiri panda mwendokasi hadi Kivukoni, tembea ufukwe ukiwa mkono wako wa kushoto mpaka ulione Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Boti za Zanzibar ziko mbele yake. Tiketi nunua dirishani, kwa kitambulisho chako na kwa mdomo wako. Mtu anayekimbia kando yako akikuita mjomba, chunguza kwanza kama mama yako alikuwa na ndugu wa namna hiyo.

Boti ni kama saa mbili, na hapo pana siri ambayo hakuna aliyeniambia. Kahawa yetu tunaichuma kuanzia Mei au Juni, kwa hiyo fedha zinapofika mkononi, baharini unavuma upepo wa kusi. Wenye bahari yao wanajua kwamba kusi huchafua mkondo wa Unguja. Wao husafiri kwa raha wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ambapo wewe uko shambani unapalilia na mfukoni una funguo tu. Yaani fedha na mawimbi vinaiva pamoja. Mtu wa Iyula akipata nafasi ya kuiona bahari, bahari nayo imejiandaa kumwona.

Usikae juu mbele "ili uone vizuri". Utaona vizuri sana. Kaa chini, nyuma ya katikati, tazama mstari wa mbali, na usile chapati kabla ya kupanda kwa kuwa umelipia nauli kubwa na unahisi unastahili. Wahudumu watapita wakigawa mifuko kwa upole wa watu wanaojua kitakachofuata. Pokea. Mimi nilikataa, nikasema natoka milimani, nimezoea kona za Kitonga. Sitaeleza zaidi. Jaketi lilifuliwa.

Bandarini utakutana na mapapasi, vijana wanaokung'ang'ania wakuuzie safari, viungo, picha na hata rafiki. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Jina waliwapa Wazanzibari wenyewe, mimi sina neno. Wengi huandika namna ya kuwakwepa. Njia yangu ni rahisi na sijaiona kokote: shika dumu tupu. Hakuna papasi anayeweza kumfuata mtu mwenye dumu. Wananitazama, wanalitazama, wanampisha mtu aende zake kisimani.

Visiwa vidogo karibu na Mji Mkongwe viko kadhaa. Chapwani ndicho chenye makaburi, yakiwemo ya mabaharia wa Kiingereza wa meli ya Pegasus iliyopigwa na Mjerumani Septemba 1914. Bawe nacho kipo. Chumbe kina mnara wa taa wa 1904 na matumbawe yanayolindwa sana. Kuna na fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Wameliita Nakupenda, na kwa tabia hiyo wamelitendea haki. Mimi nilichagua Changuu, ambacho wageni wanakiita kisiwa cha gereza, kwa sababu ndicho pekee ambacho nahodha alikitaja bila kucheka nilipomwambia fedha niliyonayo.

Mapatano na nahodha hufanyikia ufukweni, karibu na Forodhani. Jua jambo moja: bei ni ya chombo, si ya kichwa. Ukipanda peke yako umelipia viti vyote na mafuta yote. Subiri wengine, hata kama ni maharusi walio kwenye fungate. Nililipa kiasi gani sitaandika, maana mke wangu anajua kusoma.

"Umetoka bara upande gani?" nahodha akauliza mashine ilipokwishawaka.

"Iyula."

"Ndiyo wapi?"

"Mbozi. Mkoa wa Songwe."

"Aa, Mbeya."

"Mbele ya Mbeya."

"Mbele ya Mbeya kuna nini, yakhe?"

Nikamwambia kuna kahawa, na kuna kimondo, chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, kimelala pale Ndolezi, kinazidi tani kumi, na watu wanatoka Ulaya kuja kukiona. Bibi harusi aliyekaa mbele yangu akageuka akauliza kikoje ukikigusa, kina baridi au kina moto. Nikasema kina baridi. Sijawahi kwenda. Ni karibu mno.

Kwenye chombo utapewa boya la kuvaa, yaani jaketi la pili la safari hii, la rangi ya chungwa, na lina harufu ya wote waliolivaa kabla yako. Livae na ulifunge kamba zote. Nahodha akikuambia "haina haja, ni hapo tu", mkumbushe kwamba hata mochwari ni hapo tu. Ni mwendo wa kama nusu saa.

Halafu kuna habari ya maji. Huku kwetu mto ukijaa umejaa, unasubiri mvua ikate. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, mvua iwepo isiwepo, na kila siku inachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, kama mwalimu aliyekata tamaa. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, wanasema ni bamvua: maji hupanda na kushuka hadi mita nne hivi. Kwa mgeni maana yake ni hii. Asubuhi chombo kinakushusha mchangani, unaona fahari. Mchana kinakusubiri mbali, na wewe unakifuata kwa miguu katika maji ya mapaja, buti zimening'inia shingoni, dumu kichwani, huku nahodha akipiga kelele saa zimekwisha. Aliposema "saa nane tuwe tumeondoka" nilidhani ni saa nane ya basi, ile yenye nusu saa ya kununua mahindi ya kuchoma. Ya kwake iliandikwa mwezini.

Angalia unapokanyaga. Kuna wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, wamejikunyata kwenye mawe bila kumkosea mtu. Ukimkanyaga mmoja, kila aliye ufukweni atakuwa na dawa yake: papai, mafuta ya taa, na nyingine ambayo itabidi umwombe rafiki wa karibu sana.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa mita 800 hivi, na panapopanuka sana hapafiki mita 250. Mbozi wapo wazee wenye mashamba ya ukubwa huo na hawatozi kiingilio. Jina limetokana na samaki anayeitwa changu. Waingereza walijaribu mwaka 1923 kukiita Kibandiko, jina likabanduka.

Mwongoza wageni atakupeleka kwanza gerezani. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, ndiye aliyeagiza lijengwe. Kazi ilianza 1893, ikakamilika mwaka uliofuata. Kuta nene, milango ya chuma, bahari pande zote. Kilichokosekana ni wafungwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa mle. Serikali ikiwa na jengo jipya na haina wa kuwaweka humo hutafuta matumizi, kwa hiyo likawa karantini ya homa ya manjano, abiria wa meli wakishushwa wakae mpaka ijulikane kama ni wazima. Karantini yenyewe ilikuwa na kazi nusu ya mwaka tu. Nusu iliyobaki watu wa mjini walikwenda pale kupumzika, wakiogelea na kulala kwenye nyumba za wagonjwa. Biashara ya siku moja kisiwani ilianzia hapo, na nadhani mashuka yamebadilishwa.

Kabla ya gereza, miaka ya 1860, kisiwa kilitumika kuwafungia watumwa walioitwa wakaidi, kabla ya kuuzwa au kusafirishwa. Mwongoza wageni alilisema hilo kwa sentensi moja akiwa anatembea, kisha akatuomba tupige picha tumeshika nondo na kufanya nyuso za kuhuzunika. Maharusi walipiga. Mimi nilimshikia bwana harusi simu.

Kobe ndio wenye kisiwa. Wanne waliletwa 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli, wale kobe wakubwa wa Aldabra. Wakazaana taratibu, kama walivyo kwa kila kitu, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Ndipo wakaanza kuibwa, wengine wakapelekwa nje kufugwa, wengine wakaliwa. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Nimelifikiria jambo hili sana kuliko yote niliyoyaona. Kobe dume aliyekomaa hupita kilo 200. Hakimbiliki naye, hafichiki kwenye kapu, na bahari iko pande zote. Kumwiba mmoja ni harambee: lazima kuna aliyeandaa chombo, kuna waliobeba, kuna aliyeshika taa, na kuna aliyeambiwa atazame pembeni. Hapo bado sijazungumzia mgao. Mwaka huohuo vililetwa vitoto 80 kuziba pengo, na 40 kati yao vikatoweka. Hao angalau walienea mfukoni. Baadaye ukajengwa uzio wa maana, na ndani yake ndimo wanamoishi sasa, wakipata nafuu.

Utapewa majani ya mchicha uwalishe. Usishtuke kuona mboga ya watu inatupwa kwa mnyama. Wao wamekaa hapa kuliko wewe. Migongoni wameandikwa umri kwa rangi. Nilimkuta mmoja aliyeandikwa miaka zaidi ya mia moja, akitafuna macho yamefumba nusu. Nikapiga hesabu. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa 2016. Tanzania yenyewe 1964. Mzee huyu alikuwa anatafuna kabla ya vyote viwili, na kwetu aliyekuzidi anaamkiwa.

"Shikamoo," nikamwambia.

Mwongoza wageni alisema hajawahi kumsikia mtu akifanya hivyo kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, jambo linaloonyesha ni watu wa namna gani wanaotembelea visiwa. Kobe alinyoosha shingo. Nikaichukulia kuwa marahaba.

Kuogelea: hujui. Usijifanye umesahau nguo. Ingia hadi magotini, tazama mbali ukiwa umeshika kiuno kama mtu anayepima kiwanja, kisha piga picha itakayokata chini ya kifua. Na onja. Najua umeambiwa tangu darasa la tatu kwamba bahari ina chumvi, na wewe ni mtu mzima mwenye watoto, lakini utaonja. Hakuna mtu wa nyanda za juu aliyewahi kufika baharini asionje. Chota kwa kiganja kama unanawa uso. Nilipoinua macho nahodha alikuwa ananitazama kutoka chomboni. "Wote mnaonja," akasema. "Na wote mna dumu."

Dumu jaza upande usiopitwa na vyombo, usije ukampelekea mgonjwa petroli. Lijaze pomoni, funga kizibo, weka nailoni chini ya kizibo. Nailoni ni muhimu. Mimi niliweka, na bado mtasikia.

Chakula cha mchana kitakuwa pweza. Utasita. Nitasema neno moja: kama umekulia Mbozi, ukawahi kukaa usiku wa mvua za kwanza na karai chini ya taa ukisubiri kumbikumbi waanguke, kisha ukawakaanga kwa chumvi, huna haki ya kumuogopa mnyama yeyote kwa sababu ya idadi ya miguu.

Mkisharudi mjini, boti ya jioni ikiwa bado, ingia vichochoroni unywe kahawa. Wazee wamekaa barazani, birika la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni. Mimi nimelima kahawa miaka 22 na nyumbani tunakunywa chai. Nilipoinywa ile, nyeusi, chungu, bila sukari, sikuweza kuzuia uso. Mzee mmoja akanihurumia: "Pole, bwana. Kwenu bara kahawa hakuna?" Nikasema ipo kidogo.

Bandarini wakati wa kurudi, begi likapita kwenye mashine, na dumu likabaki mkononi. Kijana wa ukaguzi akaniuliza ni nini.

"Maji ya bahari."

Akaangalia dirishani, bahari ilipokuwa, yote. Akanitazama tena. "Unayasafirisha maji ya bahari, kupitia baharini?"

"Ndiyo."

"Kwa boti?"

"Yana mwenyewe," nikasema. Akanipisha.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo miongozo mingine haiifikii, kwa kuwa waandishi wake wanaishia hotelini. Basi la kurudi huondoka Mbezi alfajiri, na mizigo huwekwa kwenye buti. Nilimwomba utingo alisimamishe dumu. Alilisimamisha, nikaona kwa macho yangu. Lakini Ruaha Mbuyuni abiria walishuka kununua vitunguu, magunia kwa magunia, na gunia halina adabu. Makambako, nikiwa nimelivaa tena jaketi langu, nilisikia mama mmoja akilia nje kwamba dagaa zake zimerudi baharini. Dumu lilikuwa limelala chali chini ya magunia mawili, limeminywa, kizibo kimefyatuka na nailoni yake. Nilikwenda kumuaga shangazi, na dumu lake likaja kumwaga Makambako. Nililipia dagaa. Kilichobaki ndani hakikuzidi kikombe.

Usihuzunike, maana dawa iko Mlowo, dukani, haizidi shilingi elfu moja. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita. Kwa dumu la lita tano hiyo ni gramu 175, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya pakiti ya nusu kilo. Ile niliyonunua ilikuwa imeandikwa imetengenezwa Bagamoyo. Nilisimama nje ya duka nikaisoma mara mbili. Bagamoyo chumvi wanaipataje? Wanayaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa, jua linayakausha, kinachobaki wanakifunga. Kwa hiyo pakiti ile ilikuwa bahari iliyotolewa maji ili isafiri vizuri, na mimi kazi yangu ilikuwa kuyarudisha tu. Tena ilikuwa na madini joto, ambayo bahari ya kawaida haijaongezewa, na ambayo kwa watu wa milimani, wazee wao waliosumbuliwa na rovu, ni faida juu ya faida.

Kile kikombe cha Changuu usikimwage. Kiache ndani ya dumu, ongeza maji ya bomba juu yake, kama mtindi wa jana unavyoachwa chini ya kibuyu uchachushe maziwa ya leo. Tikisa. Acha lilale usiku mmoja, kisha lipeleke pamoja na picha yake yenye boti nyuma, kama ulikumbuka kuipiga ukiwa kule.

Shangazi alilipokea kwa mikono miwili. Akamimina kidogo kwenye kibakuli, akalitazama kwa mwanga wa mlangoni, akachovya kidole, akaonja. Uso wote ukakunjika. Akaonja tena.

"Haya ndiyo yenyewe," akasema. "Yale aliyoniletea mdogo wako kutoka Tanga yalikuwa ya bomba, nilijua tu. Hayakuwa na ukali huu." Akaita mjukuu aje na upele wake. Kisha akaniuliza kama mwakani, Mungu akijalia kahawa, nitakwenda tena, kwa sababu mama mwenye kikombe chake amewaambia wenzake, na dumu la lita tano halitatosha.

Kwa dumu la lita kumi ni gramu 350.